"Tabianchi" ni ya nchi ipi?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Katika taarifa ya mkutano wa nchi jirani niliandika "ushirikiano wa kikanda wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi". Mhariri wangu akafuta neno la mwisho na kuandika "hali ya hewa", kwa hoja kwamba tabianchi ni ya nchi moja, ilhali waliokutana ni wa nchi nyingi. Je, yuko sahihi? (Msomaji, Temeke, Dar es Salaam)

Jibu: Marahaba. Mhariri wako ameteleza, ingawa napaona palipomtelezesha. "Nchi" katika neno hili si dola yenye bendera na mipaka, bali ni nchi ya maana kongwe, yaani ardhi au eneo, kama tunavyosema "nchi kavu" kuitofautisha na bahari, au "mbingu na nchi". Tabianchi ni mwenendo wa joto, mvua na upepo uliozoeleka mahali kwa miaka mingi, na mahali hapo paweza kuwa bonde, pwani au dunia nzima. Bonde la Ziwa Victoria lina tabianchi yake, nayo haiombi pasipoti inapovuka mpaka wa Uganda pale Mutukula.

Hali ya hewa ni ya leo, kesho au wiki hii. Kimbunga Hidaya kilipoijia pwani yetu Mei 2024, hiyo ilikuwa hali ya hewa. Kwamba mvua za masika hutarajiwa kati ya Machi na Mei, hiyo ni tabianchi, na zinapoiacha desturi hiyo kwa miaka mingi mfululizo ndipo tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi. Ukiandika "mabadiliko ya hali ya hewa", msomaji makini aweza kudhani unasimulia mawingu ya asubuhi yaliyofuatwa na jua la mchana pale Kariakoo. Katika mazungumzo simkosoi anayetumia "hali ya hewa" kwa maana pana, kwani matumizi hayo yamezoeleka. Lakini katika taarifa ya nchi zinazopeana tahadhari za kimbunga na wakati huohuo kupanga namna ya kuhimili ukame wa miaka ijayo, maneno hayo mawili hayawezi kubadilishana nafasi.

Ningekuwa mhariri, kalamu yangu ingetua kwenye "kikanda". Kwa Mtanzania, kanda ni kundi la mikoa, kama Kanda ya Ziwa, hivyo msomaji wako anaweza kufikiri waliokutana ni Mwanza na Kagera. Andika "ushirikiano wa nchi jirani", au itaje Jumuiya ya Afrika Mashariki iwapo ndiyo iliyokutana.