Barua kwa mwanangu: kwa nini kigumba chako hukatika katikati

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku hatujambo, mamako anakusalimu sana na anauliza kama baridi ya Naivasha imepungua.

Barua yako nimeipata, na picha zote nimezitazama. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, mbona kila kigumba cha mshale unachochonga hukatika kabla hakijapata umbo, na hali unapiga kwa nguvu vile vile unavyoona wajuzi wakipiga kwenye video. La pili, wenzako wa kazini wanakwambia kuchonga mawe ni mchezo wa Wazungu, mtoto wa Pwani anatafuta nini humo. Naanza na la kwanza, maana ndilo linalokutoa damu vidoleni.

Nguvu unazo, tena zimezidi. Unachokosa ni ukingo. Picha ya jiwe lililovunjika vipande viwili nimeikuza mpaka nikauona ubavu wake vizuri: ukingo ni mwembamba mno, haukusuguliwa hata kidogo, na juu yake pana vidaraja pale ambapo magamba yalianza kubanduka yakakatikia njiani. Ukingo wa namna hiyo haubebi pigo. Unapondeka, gamba haliendi mbali, nawe unaongeza nguvu ili ulilazimishe. Nguvu hiyo ya ziada ndiyo inayolitikisa jiwe zima hadi likapasuka katikati.

Mimi nimeishi na mbao maisha yangu yote. Mbao ina nyuzi. Ukishajua nyuzi zinaelekea wapi, unajua patasi itakwenda wapi. Jiwe linalochongeka halina nyuzi. Kioo, gumegume, na hayo mawe meusi ya volkano ya huko kwenu, obsidiani, yote ni hivyo: ufa unakwenda unakosukumwa. Umewahi kuona kioo kinene cha dirisha kilichorushiwa kokoto. Nje pana tundu dogo, ndani pamebanduka duara pana zaidi. Ufa haukupita wima, ulitanuka kwa umbo la pia, ile ya kuchezea watoto. Mchongaji anapogonga ukingoni anaitumia pia hiyo hiyo, ila ubavu wake mmoja tu, na gamba linabanduka upande wa chini, ule usiouona.

Ukilishika hilo, mengine yanajieleza. Pembe kati ya pale unapogonga na uso unaotaka kuubandua lazima iwe chini ya digrii 90; ikifika 90 au ikapita, gamba halitoki hata ukipiga kwa nyundo ya mhunzi. Tena mahali pa kugonga pawe chini ya mstari wa katikati wa unene wa jiwe. Ukigonga juu ya mstari huo unalikata jiwe badala ya kulimenya. Na gamba hupenda kufuata mgongo: palipoinuka ndipo ufa unapokimbilia, kwa hiyo tafuta mgongo kwanza, kisha uandae ukingo nyuma yake. Ukikuta bonde, usigonge hapo.

Kuandaa ukingo ni kuusugua kwa jiwe kavu lenye chembe kubwa, au kipande cha gurudumu la kunolea lililovunjika, mpaka ule ukali uishe na kidole kihisi ukingo mnene wenye mikwaruzo. Najua unaona ni kinyume, unanuia kutengeneza makali halafu unaambiwa uyaue. Lakini makali ni ya mwisho kabisa. Katikati ya kazi unataka ukingo imara unaoweza kubeba mzigo. Watu wenye mkono mzuri husugua muda mrefu kuliko wanavyogonga, na hilo kwenye video hulioni kwa sababu wanalikata.

Sasa nakuomba uweke obsidiani kando kwa muda, uanze na vitako vya chupa. Usivione duni. Mwaka 1911 kule Oroville, California, alijitokeza mtu wa mwisho wa Wayahi, kabila la wenyeji asilia wa huko, wakamwita Ishi. Aliishi katika makumbusho ya San Francisco hadi alipofariki mwaka 1916, na baadhi ya vigumba vizuri alivyochonga huko ni vya kioo cha chupa. Kioo cha chupa ni sawasawa ndani, hakina mawaa, na hapa Malindi hakinunuliwi. Chupa nene ya soda ifunge ndani ya gunia, uvunje shingo na ubavu kwa nyundo, ubaki na kitako.

Hapo huhitaji kugonga, utabonyeza. Chukua kipande cha waya mnene wa shaba wa umeme, ukipachike kwenye mpini wa mbao unaojaa kiganja, uchonge ncha. Shaba inafaa kuliko msumari kwa kuwa ni laini, inauma ukingo badala ya kuteleza. Weka ngozi nene juu ya kiganja cha kushoto, kitako cha chupa juu ya ngozi, mkono huo uupumzishe ndani ya paja. Tia ncha ya shaba kwenye ukingo uliokwisha kusuguliwa. Kwanza sukuma kwa ndani, kuelekea katikati ya kioo, na uibane mikono kwa mapaja, maana nguvu ya kiwiko haitoshi. Usiharakishe. Utahisi kioo kimekaza. Hapo ndipo uongeze kidogo kwa kuelekeza chini, na utasikia mlio mwembamba mkavu. Geuza kioo uangalie. Likiwa gamba jembamba refu limefika karibu na katikati, umeandaa vizuri. Likiwa fupi na limeacha kidaraja, usilirudie hapo hapo kwa hasira. Hama, toa gamba kutoka upande wa pili lije likutane na kile kidaraja na kukifuta. Wengi wanaharibu vigumba vyao hapo, kwa kung'ang'ania pale pale palipokataa.

Zunguka ukingo wote, geuza, sugua, zunguka tena. Umbo la pembetatu litakuja lenyewe. Vijino viwili vya kufungia uzi huachwa mwisho, kwa ncha nyembamba zaidi.

La pili ulilouliza limenigusa zaidi. Wenzako uwajibu kwa upole, lakini uwajibu. Hapa hapa katika kaunti yetu ya Kilifi, kwenye vilima vya Dzitsoni, kuna pango la Panga ya Saidi. Watafiti wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wamechimba humo wakakuta tabaka juu ya tabaka za watu walioishi humo kwa muda wa takriban miaka 78,000. Humo ndimo alimozikwa yule mtoto wa miaka kama miwili na nusu hadi mitatu, aliyelazwa ubavu na kukunjwa magoti, habari yake ikatangazwa mwaka 2021. Na katika tabaka hizo hizo inaonekana kwamba takriban miaka 67,000 iliyopita wachongaji wa humo walianza kutengeneza zana ndogo ndogo, za mawe yenye chembe laini zaidi. Watu hao waliishi si mbali na bahari yetu hii. Walichagua jiwe, wakalipima kwa jicho, wakaandaa ukingo. Sijui mchezo wa kigeni uko wapi hapo.

Na huko uliko ndiko kwenyewe. Obsidiani ya Mlima Eburru, upande wa kaskazini magharibi wa ziwa, imetumiwa na wachongaji tangu kale sana. Kule Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale kusini magharibi mwa Nairobi, watafiti wamekuta vipande vya obsidiani vya takriban miaka 300,000, vilivyotoka mbali, kati ya kilomita 25 na 95. Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, alianza akiwa mtoto kuokota zana za obsidiani, na alipokuwa mkubwa akajifunza kuzichonga kwa mkono wake.

Kwa sababu hiyo sikiliza kwa makini. Usiokote jiwe ndani ya Hell's Gate wala hifadhi nyingine yoyote, na ukikuta mahali penye magamba ya zamani, hata kama ni shamba la mtu, uyaache yalipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inayalinda, na hata bila sheria, gamba likihama mahali pake limepoteza nusu ya habari zake. Mawe ya kuchonga yaombe kwa mwenye ardhi, yale yaliyotoka barabara ilipochimbwa au kisima kilipochimbwa. Na magamba yako mwenyewe usiyamwage porini. Yakusanye yote juu ya turubai, uyazike kwa kina ndani ya mkebe, na utie sarafu yenye mwaka, ili atakayechimba siku za usoni asidhani ni ya kale. Wachongaji makini duniani hufanya hivyo, na vigumba vyao huvitia alama ya mwaka kwa ncha ya almasi.

Jambo la mwisho ni kifua chako. Vumbi la mawe haya lina silika, na silika ikiingia mapafuni huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Usichonge chumbani hata mara moja. Kaa nje, upepo ukupitie ubavuni, vaa barakoa ya vumbi inayobana, sio kitambaa. Unaposugua ukingo ndipo vumbi linapozidi, kwa hiyo hapo usiivue barakoa kamwe. Macho yavishe miwani ya kinga, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Kabla ya kuingia ndani jikung'ute, na hasa kama kuna watoto wa jirani wanaotembea pekupeku, pitia ardhi yote kwa jicho na kwa ufagio, maana gamba la kioo halionekani mpaka limeshaingia.

Ukija Idi, njoo na mawe mawili matatu yasiyozidi ngumi, uliyoyapata kwa halali. Mawe yetu ya matumbawe hapa hayachongeki, yana matundu na ni chokaa tupu. Niletee pia kile kipande ulichokivunja, vyote viwili, nitakuonyesha kwa mkono pale ukingo ulipoanza kupondeka.

Babako