Uhindu na Ubuddha: Ni Kipi Kinachozaliwa Upya?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Buddha alilelewa katika mazingira ya dini ya Kihindu, na kwamba wafuasi wake, sawa na Wahindu, wanaamini kuwa mtu akifa huzaliwa tena. Je, ni haki kusema kwamba Ubuddha ni dhehebu tu la Uhindu? Na dini hizi mbili zilianzishwa na nani?

JIBU: Ubuddha una mwanzilishi anayejulikana, Uhindu hauna. Hakuna nabii wa Kihindu aliyesimama siku moja akatangaza dini mpya, wala hakuna kanuni moja ya imani ambayo kila Mhindu analazimika kuikiri. Maandiko yake ya kale kuliko yote, Rigveda, ni mkusanyo wa tenzi 1,028 zilizotungwa kwa Kisanskriti kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, takribani kati ya mwaka 1500 na 1000 KK, na kwa karne nyingi makuhani hawakuziandika bali walizikariri silabi kwa silabi na kuwarithisha wana wao. Anayezifungua akitarajia kukuta mafundisho ya kuzaliwa upya atashangaa, kwa kuwa karibu hayamo: waimbaji wanamsifu Agni, moto unaopeleka sadaka kwa miungu, na kumwomba Indra, bwana wa radi, awape mvua, ng'ombe na ushindi vitani.

Fundisho unaloliulizia linajitokeza waziwazi baadaye, katika maandiko yaitwayo Upanishadi. Humo ndimo linamoanza kuelezwa wazo la karma, yaani kwamba matendo ya mtu humfuata baada ya kifo na kuamua atazaliwa katika hali gani, na pia tumaini la kukombolewa kutoka katika mzunguko huo wa kufa na kuzaliwa, ukombozi ambao Wahindu huuita moksha. Lakini ni kitu gani hasa kinachotoka katika mwili mmoja na kuingia katika mwingine? Upanishadi hujibu kwamba ni atman, nafsi ya ndani isiyochakaa wala kufa, ambayo asili yake ni moja na Brahman, msingi wa vyote vilivyopo. Katika Upanishadi ya Chandogya, mzee Uddalaka anamwagiza mwanawe Shvetaketu atie donge la chumvi katika maji, kisha arudi asubuhi. Kulipokucha anamtaka aitoe chumvi ile. Kijana anaitafuta asiione. Baba anamwambia aonje maji ya juu, aonje ya katikati, aonje na ya chini, na kote anakuta chumvi. Ndivyo ilivyo, mzee anamweleza, asili ile isiyoonekana ambayo imo katika kila kitu, na wewe Shvetaketu ndiyo hiyo.

Isidhaniwe kwamba Wahindu wote waliisoma habari hiyo kwa namna moja. Mwanafalsafa Shankara alifundisha kwamba nafsi na Brahman havina tofauti yoyote, ilhali Madhva, aliyeishi katika karne ya 13, alishikilia kwamba nafsi na Mungu ni viwili daima. Wahindu wengi, kwa kweli, hawasumbuliwi na mjadala huo. Dini yao ni kumpenda na kumtumikia Vishnu, Shiva au Mungu Mama, na njia hiyo ya ibada imetetewa kwa nguvu katika Bhagavad Gita, mojawapo ya maandiko matakatifu ya Kihindu.

Sasa tumfikie Siddhartha Gautama, ndiye aitwaye Buddha, mwana wa ukoo wa Shakya, ambaye wanahistoria wengi humweka katika karne ya 5 KK. Alizaliwa Lumbini, katika nchi ya Nepal ya leo, mahali ambapo mfalme Ashoka alisimamisha nguzo ya mawe katika karne ya 3 KK na kuandika kwamba, kwa kuwa Buddha alizaliwa pale, amekipunguzia kijiji kile cha Lumbini kodi. Mapokeo husema kwamba Siddhartha aliacha nyumba yake akiwa na miaka 29, na miaka 6 baadaye akapata mwanga chini ya mti huko Bodh Gaya, kisha akatoa hotuba yake ya kwanza Sarnath, karibu na Varanasi, mbele ya wenzake watano. Alifundisha kwamba maisha yamefungamana na mateso. Kwamba mateso hayo yanatokana na tamaa. Kwamba yanaweza kukomeshwa. Na kwamba ipo njia ya kuyakomesha, yenye sehemu nane, inayogusa maneno, riziki na matendo ya mtu pamoja na utulivu wa akili yake.

Karma aliikubali, na mzunguko wa kuzaliwa upya aliukubali. Alipoachana na Upanishadi ni kwenye ile nafsi ya milele. Katika hotuba iliyofuata anawahoji wale wenzake watano: mwili ni wa kudumu au si wa kudumu? Si wa kudumu, wanajibu. Na hisia je? Na utambuzi? Na misukumo ya nia? Na ufahamu wenyewe? Kila kimoja wanakikuta kinapita, na kila mara anawauliza kama inafaa kusema juu ya kitu kipitacho, "Hiki ndicho mimi." Kwa Mbuddha, basi, kinachoendelea baada ya kifo ni mfululizo wa sababu na matokeo, bila msafiri wa kudumu ndani yake. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo peke yake inatosha kuukataa usemi kwamba Ubuddha ni dhehebu la Uhindu. Zaidi ya hayo, Buddha hakuikubali mamlaka ya Veda, yaani maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu.

SWALI: Ikiwa Ubuddha ulianzia India, mbona leo wafuasi wake wengi wako Thailand, Sri Lanka na Japani?

JIBU: Ashoka, akijutia umwagaji damu wa vita vya Kalinga, aliueneza sana, na watawa na wafanyabiashara wakaufikisha mbali. Nyumbani, hata hivyo, monasteri zilitegemea ufadhili wa wafalme, nao ulipopungua zikadhoofika. Vyuo kama Nalanda vilishambuliwa yapata mwaka 1200. Wakati huohuo Wahindu wengi walikwisha kumhesabu Buddha miongoni mwa maumbo ambayo mungu Vishnu huyatwaa anaposhuka duniani, kwa hiyo mwumini wa kawaida hakuona tena sababu ya kujitenga. Ubuddha haukutoweka kabisa, maana tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, mwanasheria B. R. Ambedkar aliupokea pamoja na mamia ya maelfu ya Wadalit waliochoka kudharauliwa kwa sababu ya tabaka walilozaliwa.