Seva ya ofisi ya watu kumi na wawili, Malindi: kabla hujalipia hiyo R720

Waaleikum salaam ndugu yangu. Nirudie ulichouliza ili na wengine wafuatilie: ofisi ya uwakala wa forodha hapo Malindi ya Unguja, watu kumi na wawili, Tally (programu ya hesabu) inatumiwa na wahasibu watatu, nyaraka zilizoskaniwa zimefika GB 600, na mpaka leo vyote vimo kwenye kompyuta ya mezani ya mhasibu. Dar umepata Dell R720 iliyotumika, prosesa mbili, RAM GB 128, bei chini ya seva ndogo mpya. Uichukue?

Usiichukue. R720 ni mashine ya 2012, imeundwa kukaa kwenye kabati la chumba kinachopozwa usiku na mchana. Hata ikiwa haina kazi, chukulia inakula wati 150. Zidisha saa 24 kwa siku 30, unapata yuniti 108 za Tukuza (umeme wa kulipia kabla wa Zanzibar) kila mwezi, na AC bado hujaihesabu. Seva ndogo ya kusimama ya miaka hii, yenye diski nne, inakaa kwenye wati 40 mpaka 50 ikiwa haijabanwa na kazi, yaani yuniti 29 mpaka 36. Halafu zile feni za R720, ofisi yenye vyumba viwili haiziwezi kwa kelele. Mteja akipiga simu hamtasikilizana. RAM yenyewe ni DDR3, ya kizamani, na betri ya kontrola ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) baada ya miaka yote hiyo usiitegemee.

Kazi yako ni mafaili na Tally. Hiyo haihitaji nguvu ya prosesa, inahitaji diski zisizopoteza kitu umeme ukikatika. Prosesa yenye viini vinne inatosha na kubaki. Tafuta mashine za daraja la Dell T150 au HPE ML30, weka RAM GB 32 (vipande viwili vya 16), na iwe ECC, yaani inayosahihisha makosa yake yenyewe. Hapa watu huteleza: mashine hizi zinakubali ECC za aina ya UDIMM tu. RDIMM iliyochomolewa kwenye seva kubwa, na ndiyo imejaa kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika, ukiichomeka haiwaki.

Diski nunua tano. Mbili ni SSD (diski zisizozunguka) za GB 480 za daraja la seva, zile zenye kinga ya umeme kukatika, uziunganishe kwa RAID 1 (kila moja ni nakala ya mwenzake): humo unaweka mfumo na data ya Tally. Mbili ni za kuzunguka, TB 4 kila moja, RAID 1 pia, kwa ajili ya nyaraka. Ya tano ni TB 4 nyingine ikae kabatini, maana diski ikifa Jumatatu hutaki kuanza kuuliza Dar nani anayo. Ukikuta WD Red ya TB 4, soma jina lote: WD Red tupu ya TB 2 mpaka 6 inaandika kwa mtindo wa SMR (mistari ya data hupandiana), na inapojengwa upya ndani ya RAID huwa nzito sana. Unayoitaka ni Red Plus au ya daraja la seva. TB 4 ikijengwa upya kwa MB 150 kwa sekunde ni zaidi ya saa saba, tena bila mtu kuigusa.

RAID yenyewe: kontrola iliyokuja kwenye ubao, kama S150 ya Dell, ni ya programu. Kwa ofisi yako inafaa, sharti usiwashe akiba ya kuandikia (write cache) ya zile diski za kuzunguka. Ukiiwasha utaona kasi, umeme ukikatika faili iliyokuwa njiani inapotea huku Windows imeshamwambia mhasibu kwamba imehifadhiwa.

Sasa umeme, na hapa ndipo ningetia pesa ya ile RAM ya GB 128. Waliokuwepo Unguja 2008, na ile miezi mitatu iliyoanzia Disemba 2009, wanajua kukaa gizani kwa hitilafu ya waya wa baharini. Waya mpya wa MW 100 ulikuja 2013, lakini kukatika kwa dakika tano na kurudi kwa kishindo bado kupo, na hicho kishindo ndicho kinachoua pawasaplai. Chukua UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya VA 1500 inayorekebisha volti yenyewe, na itoe wimbi halisi (pure sine wave), kwa sababu pawasaplai za seva nyingine hukorofishana na wimbi la kuiga. Betri mbili za volti 12, Ah 9, ni Wh 216 kwenye karatasi. Kwa seva, swichi na rauta, jumla wati 90 hivi, zikiwa mpya zinaweza kukufikisha saa moja. Usiitegemee hiyo saa. Chomeka ule waya wa USB kutoka UPS hadi seva (wengi huuacha ndani ya boksi na mfuko wake!), weka programu yake, iamuru seva ijizime baada ya dakika kumi. Umeme ukirudi, seva isubiri dakika tano kabla ya kuwaka, maana mara nyingi hurudi ukaondoka tena.

Wahasibu nao wapate UPS ndogo kila mmoja. Seva ikibaki hai na kompyuta ya mhasibu ikazimika katikati ya kuandika, data ya Tally inaharibika vilevile. Betri za UPS zikikaa chumba cha joto hazimalizi miaka yake. Unaponunua angalia tarehe ya betri: iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa ni ya kurudisha.

Kabla ya yote pima plagi. Weka mita kwenye volti za AC (umeme wa ukutani, si kiyoyozi): laini na nyutro karibu 230, laini na ethi (waya wa ardhini) pia karibu 230, nyutro na ethi volti mbili tatu tu. Ukikuta laini na ethi ni 110 au 120, na nyutro na ethi hivyohivyo, tundu la ethi lipo kwa mapambo, haliendi popote. Ndiyo maana watu hugusa boksi la kompyuta wakahisi mtetemo: vichujio vya pawasaplai vinasukuma nusu ya zile volti 230 kwenye bati. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe hili ni la kawaida. Fundi aliyesajiliwa azike nondo ya shaba na apime, ndipo uchomeke seva.

Chumba: kuta za mawe na chokaa hunywa maji masika, kwa hiyo seva ikae juu ya meza, sentimita 15 kutoka ukutani, mbali na dirisha la upande wa bahari, isiwe chini ya AC inayodondosha. Nyuzi 24 mpaka 26 zinatosha. Wi-Fi haipenyi kuta hizo vizuri, na Tally haipendi mtandao wa kukatika, basi vuta waya wa mtandao wa Cat6. Ukwaruze uzi wake wa ndani kwa kisu: ukiwa mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Rudisha.

Leseni: Windows Server 2022 Essentials inachukua watumiaji 25 bila kununua CAL (leseni ya kila mtumiaji), huuzwa pamoja na seva mpya, na Microsoft wataihudumia mpaka Oktoba 2031. Standard utalazimika kununua CAL kumi na mbili juu yake. Tally iwe Gold, Silver ni ya mtumiaji mmoja.

Bakapu isiwe RAID. Faili likifutwa kwenye diski moja, limefutwa na kwenye pacha wake. Nunua diski tatu za nje za TB 4, moja tu ndiyo iwe imechomekwa. Ijumaa kabla ya kwenda msikitini mtu aichomoe aende nayo nyumbani, achomeke nyingine. Virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa huifunga na diski ya bakapu iliyoachwa kwenye seva. Bakapu ya mtandaoni ni nzuri, ila kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 5, GB 600 ni siku kumi na moja mfululizo. GB 2 za kila siku ni dakika 53, hizo zinakwenda usiku.

Wiki ya kwanza, kabla ya kuhamisha data halisi: zima seva, chomoa waya wa diski moja, iwashe uone kama inalalamika na inaendelea, kisha irudishe ijijenge. Zima swichi ya ukutani uhesabu dakika kumi. Rejesha folda moja ya Tally kutoka kwenye bakapu kwenye kompyuta nyingine, uifungue, usome salio.

Tuma hapa vile vipimo vitatu vya plagi na picha ya chumba, tuone UPS ikae wapi.