Kiwiko kimekakamaa baada ya kutolewa hogo: tukivute?

SWALI: Mume wangu alianguka na bodaboda, akavunjika karibu na kiwiko, akafungwa hogo wiki sita. Limetolewa wiki mbili zilizopita. Daktari amesema mfupa umeunga, lakini mkono haunyooki wala haufiki mdomoni, na jioni kiwiko kinavimba. Shangazi yake anamkanda kwa maji moto, anamvuta kwa nguvu, kisha anambebesha ndoo ya maji ili mkono unyooke. Tuendelee?
Mama J., Morogoro

JIBU: Hapana, Mama J. Ndoo iwekeni chini, na kuvuta kukome leo. Shangazi ana nia njema, ila kiwiko hakitendewi hivyo.

Kiungo kikikaa wiki nyingi bila kusogea, mfuko unaokizunguka husinyaa na kuwa mgumu, misuli hupungua, na majimaji yanayolisha gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) hayasambai vizuri. Ukikivuta kwa nguvu, mfuko huo unachanika ndani kwa ndani, damu inavuja, uvimbe unazidi na kovu jipya linakaza kuliko la kwanza. Baya zaidi, msuli wa mbele ya kiwiko unaweza kuota mfupa ndani yake, na wengine huishia kupasuliwa ili mfupa huo utolewe.

Mwenye mkono ausogeze mwenyewe, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kwanza afunike kiwiko kwa taulo lenye maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15. Siku kikiwa chekundu au cha moto, hatua hii airuke. Alale chali, aweke taulo lililokunjwa chini ya mkono, kati ya bega na kiwiko. Apeleke vidole begani mpaka aone panakaza, ahesabu hadi 5, kisha anyooshe vivyo hivyo. Afanye mara 10, vipindi vinne au vitano kwa siku. Mkono mzima unaweza kuusaidia mwenzake kwa kuusukuma taratibu, lakini asisukumwe na mtu mwingine. Halafu akae, kiwiko kikibana ubavu na kimekunjwa nyuzi 90, ageuze kiganja juu na chini mara 10. Zoezi hili wengi hulisahau, kisha wanashangaa kiganja hakigeuki kupokea chenji.

Kuuma kidogo wakati wa zoezi ni kawaida. Maumivu yakidumu zaidi ya saa moja, au kiwiko kikiamka kimevimba zaidi, amezidisha: apunguze marudio kwa nusu, asiache kabisa. Baada ya mazoezi aweke barafu iliyofungwa kwenye khanga dakika 10, mkono ukiwa juu ya mito, huku akikunja na kukunjua vidole. Kunawa uso, kufunga vifungo na kula kwa mkono huo nayo ni mazoezi. Vitu vizito asubiri ruhusa ya daktari.

Panadol mbili za miligramu 500 nusu saa kabla ya zoezi zinasaidia, zisizidi vidonge 8 kwa saa 24. Diclofenac asijinunulie ikiwa ana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au presha.

Kila wiki pimeni kwa upana wa vidole nafasi iliyobaki kati ya kidole gumba na bega. Isipopungua kwa wiki tatu, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) aangalie kama anahitaji banzi, yaani kifaa cha kufunga mkononi, la kunyoosha taratibu. Maendeleo huja kwa miezi, na nyuzi za mwisho za kunyoosha huenda zisirudi. Kutoka nyuzi 30 hadi 130 za kukunja (mkono ulionyooka kabisa ni nyuzi 0) hutosha kazi nyingi za kila siku. Ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete, uvimbe mgumu mbele ya kiwiko, au homa pamoja na wekundu: hospitali, bila kungoja miadi.

SWALI: Nilitolewa plasta ya kifundo cha mguu. Kila jioni mguu unajaa. Ni hatari?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Kujaa jioni na kupungua usiku ni kawaida kwa wiki kadhaa. Inua mguu juu ya usawa wa moyo, na kila saa chezesha kifundo juu na chini mara 20. Lakini shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, usilikande: huenda damu imeganda, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Pumzi ikibana au kifua kikichoma, nenda papo hapo.