Paa likiezuliwa, tafuta ushahidi kabla ya fomu

Wengi wanaoniuliza nilivyopata msaada wa serikali baada ya dhoruba kuezua paa langu huanza na fomu: inapatikana wapi, inajazwaje. Fomu ni sehemu nyepesi. Kazi kubwa ni kuthibitisha kwamba paa limeharibiwa na maafa yenyewe, wala si uchakavu.

Kwa hiyo piga picha kabla hujagusa kitu. Simama mbali, nyumba nzima ionekane pande zote, kisha sogea karibu: mabati au vigae vilivyong'oka, kenchi zilizovunjika. Ingia ndani upige dari lililolowa na vyombo vilivyoharibika. Usipande juu. Mbao zilizopasuka huporomoka bila taarifa, na huenda waya wa umeme umechunika. Picha zangu zote nilizipiga nikiwa chini, na zilitosha.

Ukimaliza, funika. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakiacha paa wazi, mvua ikiingia, wakiamini kwamba wakiliziba watapoteza haki yao. Mwenye nyumba anatarajiwa kuzuia hasara isiongezeke, na hasara iliyoletwa na mvua za baadaye inaweza kukataliwa. Halafu kuna afya ya waliomo ndani: penye unyevu, ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Tunza risiti ya turubai, ya mbao za kulishikilia na ya ujira wa fundi. Vipande vilivyong'oka viweke pembeni mpaka mkaguzi avione.

Kama una bima, anza nayo. Kwa kawaida serikali hailipi hasara ambayo bima imekwisha kulipa. Bima ikikataa, barua yake ya kukataa iambatanishe na maombi.

Makisio ya fundi nayo yana uzito. Karatasi iliyoandikwa tu "kukarabati paa" haimsaidii anayeisoma ofisini. Mwombe fundi achanganue: mabati mangapi, mbao ngapi, ufundi kiasi gani, na kipi kimevunjwa na upepo. Upande mmoja wa paa langu ulikuwa na kutu ya siku nyingi. Nilimwonyesha mkaguzi waziwazi, na naamini ukweli ule ulimfanya aniamini katika mengine.

Wanaoishi katika nyumba za urithi wawe macho zaidi. Hati ikiwa bado ina jina la marehemu, maombi yanaweza kukwama hata kama paa zima limepeperushwa. Uliza mapema ni uthibitisho gani mwingine unakubalika: risiti za kodi ya jengo, ankara za maji au umeme, pengine barua ya kiongozi wa eneo. Hakikisha pia jina lako limeandikwa vilevile katika kila karatasi.

Ukipata jibu la kukataliwa, soma sababu neno kwa neno kabla ya kukata tamaa. Mara nyingine kinachokosekana ni nakala moja tu. Rufaa ina tarehe ya mwisho. Iandike mahali utakapoiona kila siku, na unapopeleka karatasi yoyote, omba ithibitishwe kwa maandishi kwamba imepokelewa. Na mtu akikudai fedha ili jina lako "lipite", usimpe, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Ripoti kwa ofisi inayosimamia msaada huo.