Kipima antena cha bei nafuu: angalia haya kabla ya kulipa

Msomaji wa Likoni mwenye redio ya ridhaa (ya mawasiliano ya hobi) anauliza: kwa pesa kidogo, anunue mita ya SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudi toka kwenye antena; ikiwa chini ndiyo nzuri) au kipima antena? Nunua kipima, na kwa bei ya chini chukua NanoVNA, kipima kidogo cha mkononi kinachotuma mawimbi yake chenyewe. Mita ya SWR haisomi mpaka urushe mawimbi, na hata ikisoma, kipimo kimoja hakikwambii waya ni mrefu au ni mfupi.

Ukimudu, chukua NanoVNA-H4, ile kubwa. Kioo chake ni inchi 4; kile cha inchi 2.8 cha NanoVNA ndogo kukisoma juu ya paa la Mombasa jua la saa saba ni adhabu. Kupita 300 MHz zote mbili hutegemea hamoniki (mawimbi ya marudufu ya masafa ya msingi) na usahihi hupungua, ila kwa HF (3 hadi 30 MHz) na bendi ya mita 2 (karibu 145 MHz) hilo halikuhusu. Zipo kopi zisizo na vifuniko vya bati juu ya saketi. Hizo waachie wenyewe.

Kagua vichwa vitatu vya kusawazishia, yaani vya kukirekebisha kipima kabla ya kupima: wazi, shoti na ohm 50. Hicho cha mwisho kipime kwa maltimita. Kikisoma mbali na 50, vipimo vyote vitakudanganya. Ongeza adapta za SMA (tundu dogo la kipima) kwenda SO-239 (tundu la plagi ya PL-259), maana kebo nyingi za redio huishia na PL-259.

Sasa pale wengi wanapoharibu. Mtu anasawazisha toka 1 hadi 30 MHz, kisha anatafuta bendi ya mita 40. Kipima chenye nukta 101 za kupimia kinaruka kilohezi 290 kila hatua, na bendi yetu yote, 7.0 hadi 7.2 MHz, ina kilohezi 200 tu. Inaweza kurukwa nzima! Weka 6.5 hadi 7.7, usawazishe upya, tena kwenye ncha ya kebo inayoshika antena, si kwenye kipima.

Chukua dipoli (antena ya waya yenye pande mbili sawa) ya mita 21. SWR ikishuka chini kabisa kwenye 6.8 MHz nawe unataka 7.1, zidisha 21 kwa 6.8, gawa kwa 7.1: mita 20.1. Zinazozidi ni kama sentimita 45 kila upande. Usikate! Kunja 35 kwanza, pandisha waya urefu uleule kutoka ardhini, pima tena.

Kabla ya kuunganisha, gusanisha waya wa kati wa kebo na shildi (wavu wa nje) ili umeme tuli uishe. Na usibonyeze PTT (kitufe cha kurushia) kipima kikiwa kwenye laini, kitaungua palepale.

SWR ikiwa nzuri toka 3 hadi 30 MHz kwa dipoli moja, usishangilie. Kebo inakula nguvu. Chuna ganda karibu na plagi: shaba ikiwa nyeusi au kijani, maji yameshaingia. Badilisha kebo, antena iache.