"Mchezaji wa hoki alivunjika mguu akaendelea. Mimi nisimame kwa nini?"

SWALI: Dokta, shikamoo. Nina miaka 24, naendesha bodaboda Uyole. Najiandaa na mbio za kilomita 21, zimebaki wiki tano. Zamani nilikuwa nakimbia mara mbili kwa wiki, lakini sasa ni mwezi na nusu napiga tizi kila alfajiri, napanda barabara ya Tukuyu na kurudi. Kinachonipa moyo ni video za wachezaji wa hoki ya kwenye barafu huko Marekani. Kuna mmoja, Gregory Campbell, alivunjika mguu akabaki uwanjani. Ugoko wangu wa kulia unauma, hii ni wiki ya tatu. Mwalimu wetu wa jimu anasema mfupa unakomaa, nikaze. Ijumaa huwa nachomwa sindano ya maumivu dukani, Jumamosi nakimbia vizuri kabisa. Nishauri, nisije nikakata tamaa.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usikimbie kesho, usikimbie Jumamosi, na hiyo sindano usiirudie.

Pitisha kidole kimoja taratibu juu ya mfupa wa ugoko, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Kama maumivu yametandaa upande wa ndani kwa urefu wa kiganja, huenda ni misuli na utando wa mfupa uliochokozwa, na hayo hutulia ukipunguza mbio. Kama yapo mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, ukipabonyeza unashtuka, na usiku panapwita ukiwa umelala, hapo nahofia ufa wa mfupa. Nenda hospitali yenye eksirei na mtaalamu wa tiba ya viungo. Ukiambiwa picha ni safi, usishangilie: ufa wa namna hii wiki za mwanzo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Na useme habari ya sindano bila kuficha, maana aliyechomwa jana, leo akibonyezwa atasema hasikii kitu, na daktari ataamini.

Video ya Campbell naijua, kwa sababu si wewe wa kwanza kuniletea. Ilikuwa Juni 5, 2013, Boston Bruins na Pittsburgh Penguins. Alijitupa chini kuzuia shuti la Evgeni Malkin, na kile kisahani cha mpira mgumu kikampiga mguu wa kulia. Akainuka, akaburuzika kwenye barafu karibu dakika nzima. Ni ushujaa, sibishani na hilo. Ila video inakatika anapotoka uwanjani. Haikuonyeshi kwamba hakucheza tena msimu ule. Boston walifika fainali wakafungwa na Chicago, yeye hakuwemo. Wala haikwambii ni mfupa upi uliovunjika. Ulikuwa ule mwembamba wa upande wa nje, unaobeba sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili. Unaokuuma wewe ni ugoko wenyewe, nguzo ya mguu. Huo ukikatika husimami hata sekunde moja.

Kuna mchezaji mwingine wa hoki ambaye kisa chake hakuna kijana aliyewahi kuniletea kwenye simu: Sidney Crosby. Mwanzoni mwa Januari 2011 aligongwa kichwani. Alikuwa na miaka 23, anahesabika miongoni mwa wachezaji bora kabisa duniani, na timu yake ilimhitaji. Akakaa nje hadi Novemba. Alicheza mechi nane, dalili zikarudi, akakaa tena hadi Machi 2012. Fikiria miezi yote hiyo, mtu aliyezoea kushinda, kila wiki anaulizwa atarudi lini. Alirudi, na mwaka 2016 na 2017 akatwaa Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi yao ya hoki. Kama unatafuta mtu wa kukupa moyo, huyo ndiye ningekubandikia ukutani.

Na utazame jambo moja ambalo video fupi hazina nafasi nalo. Mchezaji wa hoki haingii uwanjani akakaa humo. Anacheza kwa nguvu zote kama sekunde 45, anatoka, anakaa benchi, anavuta pumzi, zamu yake ikifika anarudi. Katika mchezo wa dakika 60, mshambuliaji mzuri hucheza kama dakika 20 tu. Wale watu unaowaona hawachoki wameupanga mchezo wao wote juu ya kupumzika. Wewe unakimbia siku saba kwa wiki, na katikati yake umekaa juu ya pikipiki hadi usiku.

Sasa hili la "mfupa unakomaa". Nimelisikia Mwanjelwa, nimelisikia Iringa, nimelisikia kwa walimu wa michezo ambao walipaswa kujua. Si kweli, na linaumiza watu. Mfupa ukipata kazi mpya, mwili kwanza huubomoa kidogo ili uujenge upya, kama fundi anavyobandua plasta ya zamani kabla ya kupiga mpya. Kubomoa huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi. Kwa hiyo katika wiki za mwanzo za mazoezi mazito mfupa wako uko dhaifu kuliko ulipoanza. Pumzi imeshafunguka, misuli imeshapata nguvu, unajiona simba, kumbe nguzo ya chini fundi hajamaliza. Mfupa hukomaa siku za kupumzika. Maumivu ya mahali pamoja yanayozidi wiki hadi wiki ni taarifa kwamba kubomoa kumeshinda kujenga. Na kwa njia yako hiyo, kupanda ndiko kunakokuchosha, lakini kinachougonga ugoko zaidi ni kurudi, pale unapoteremka kwenye lami kwa kasi.

Kama ni ufa, hesabu wiki sita hadi nane bila kukimbia, na zaidi ikiwa uko mbele ya ugoko, maana hapo hupona kwa shida. Mbio za safari hii zimekupita. Baiskeli utaruhusiwa isipouma. Kula ushibe, maziwa na dagaa visikosekane, ulale mapema. Ukiruhusiwa, utaanza na dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, kwa zamu, kama wale wa hoki.

Sindano ndiyo inayonikosesha usingizi. Haikuponya kitu, ilizima king'ora tu, moto ukaendelea. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki zina kazi yake zikitolewa na anayejua kwa nini anazitoa. Kuzitumia ili ukimbie, tena ukiwa umetoka jasho na hujanywa maji, ni kuzitesa figo na tumbo, na vidonda vya tumbo haviangalii umri. Mwaka jana nilimpokea mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa hesabu kama yako: ugoko, sindano, "kaza". Mfupa ulikatika akiwa anateremka, na wenzake wakadhani amejikwaa. Kabla ya kuletwa kwetu alipelekwa kwa mkandaji, akakandwa kwa maji ya moto juu ya mfupa uliokatika. Alikaa miezi bila kukanyaga.

Halafu kuna wanaoletwa kwa sababu ya sindano yenyewe. Ikichomwa kalioni mahali pasipo pake, hupiga mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na kuanzia hapo unyayo unaning'inia, mtu anauburuza. Wengine hurudiwa na nguvu baada ya mwaka wa mazoezi, wengine hapana. Walikwenda dukani na maumivu ya kiuno au goti, wakachomwa na muuzaji ambaye hakuwauliza hata swali moja.

Wewe uliyeko Mafinga, Makambako au Tukuyu, ambaye mguu wako unauma mahali pamoja kwa zaidi ya wiki mbili, usimsubiri mwalimu wa jimu akuruhusu, na usisubiri mbio zipite. Nenda ukapimwe ukiwa bado unaukanyaga.